Baba alivaa mnyororo kwenye maonesho ya msafara Tabora, na posa yangu ikafia hapo

Wakuu, salaam kwenu nyote, na kwenu pia mnaosoma kimyakimya bila kukomenti, maana mimi nimekuwa mwenzenu kwa miaka.

Ninayoandika yamenikuta mwenyewe, si ya rafiki wala jirani. Majina nimeyabadilisha na vitu vidogo vidogo nimevigeuza ili mtu asitambulike. Mengine yote yako kama yalivyotokea. Kama wewe ni wa Tabora mjini na ukisoma ukahisi umeijua nyumba, nakuomba ukae nalo hilo.

Najua humu kuna watu wa utalii na watu wa halmashauri. Msinirukie kabla hamjafika mwisho.

Mimi ni binti wa Kanyenye, hapahapa Tabora mjini. Nimesomea utalii, diploma, halafu nikarudi nyumbani.

Kusomea utalii halafu ukarudi Tabora, watu wanakuangalia kwa huruma. Mlima hatuna, bahari hatuna, na wageni wengi wanaoshuka stesheni wanasubiri tu treni ya kuunganisha Kigoma au Mwanza. Mjomba mmoja aliniuliza kama nitakuwa nawaonesha wazungu mashamba ya tumbaku.

Tulichonacho sisi ni njia. Ile njia ya zamani ya misafara, kutoka pwani mpaka Ujiji, ilipita hapa, na mji wenyewe ulikua kwa sababu yake. Zilipita nguo, shanga, chumvi, pembe za ndovu. Wakapita na watu. Uzi huu unahusu hao watu.

Nikajiunga na kikundi cha ngoma na maigizo. Nusu yetu tulikuwa vijana wa mjini, nusu wakulima wa Ntalikwa. Kiongozi wa wale wa Ntalikwa tumwite Maganga, mtu wa kanisa la Moravian, mrefu, ana sauti ambayo ukimpa maiki ni kuharibu maiki ya watu.

Mwaka juzi halmashauri ikatangaza kwamba kuna fungu la kukuza utalii wa urithi. Vikundi vilete mapendekezo ya maonesho ya historia.

Nikaandika mimi. Wazo letu lilikuwa la wapagazi. Kwa wasiojua, wapagazi walikuwa wabeba mizigo wa kulipwa, na Wanyamwezi ndio walisifika kwa kazi hiyo nchi nzima. Kijana wa Kinyamwezi alikuwa hahesabiwi mwanaume mpaka aende pwani na mzigo begani na arudi. Maganga anasema babu wa babu yake alirudi na nguo na majembe, akaoa kwa mali yake mwenyewe.

Kwa hiyo tulipanga kupita mjini na mizigo, ngoma mbele, nyimbo, utani, vijana wanatambiana. Kitu cha kumfanya mtu wa Tabora atembee kifua mbele.

Afisa aliyekuwa anapokea mapendekezo akayasoma mbele yangu. Kijana mwenzetu tu, mstaarabu, si mtu mbaya. Akanirudishia.

"Dada, hii nzuri sana," akasema. "Lakini haina watumwa. Mgeni akisikia Tabora na msafara anataka kuona minyororo. Bila hiyo sehemu, mimi kikaoni siwezi kuitetea."

Nikamwambia sisi tulikuwa wapagazi.

"Wote?" akaniuliza.

Na hapa nitamtendea haki yule kaka, swali lake lilikuwa halali. Haiwezekani mji mzima wa msafara uwe wa wapagazi tu. Nikaongeza ukurasa wa watumwa, hela ikapitishwa.

Sasa nirudi nyuma kidogo niwaambie habari za Nassoro.

Nilikuwa nimeposwa. Nassoro ni wa familia ya wafanyabiashara wa asali na nafaka, watu wa mjini wa siku nyingi, wana jina. Tulijuana tangu madrasa. Posa ilikuja kwa heshima zote, mshenga, halua, kanga, na shangazi yake mkubwa Bi Zuhura akaja mwenyewe kuniangalia ninavyotembea na ninavyomimina chai. Bi Zuhura ndiye mkubwa wa nyumba ile. Akisema ndiyo ni ndiyo. Alisema ndiyo.

Ndoa ilipangwa ifungwe baada ya mfungo. Nilikuwa na furaha, siwezi kuwadanganya. Nilikuwa nimeshaanza kuwaza mapazia.

Baba yangu ni fundi bati. Mama alishatangulia mbele ya haki, tunaishi mimi na Baba. Barazani kwetu anatengeneza majiko, mabirika, masanduku ya wanafunzi. Ni mtu wa maneno machache, na kila baada ya alasiri alikuwa anakwenda kukaa na wenzake kunywa kahawa, kijiwe kimoja tangu mimi sijazaliwa. Mtaani wanamwita Mzee Rajabu.

Kikundi kikampa Baba kazi ya vifaa. Pembe za ndovu akazikunja kwa bati na kuzipaka rangi nyeupe ikakolea mpaka watoto wakawa wanakuja kuzigusa. Afisa akaagiza na minyororo, na akasisitiza iwe inalia, wageni waisikie. Baba akatengeneza ya bati jepesi, pete kwa pete, na pingu za shingo ambazo ndani alizungushia mpira wa baiskeli ili zisikwaruze mtu.

Vifaa vikakamilika. Tukakaa kugawana nafasi.

Wakuu, sijawahi kuona kikao kama kile.

Nani awe kiongozi wa msafara? Mikono kumi juu. Nani awe tajiri wa Kiarabu mwenye kilemba? Vijana wa mjini nusura wapigane. Wapagazi? Ntalikwa nzima.

Nani avae mnyororo?

Mtu anaangalia simu, mtu anajikuna.

Maganga akasema, "Dada, sisi mtusamehe. Kwetu watu walibeba kwa ujira. Nikivaa hicho kitu mama yangu akaniona, nitamwambia nini?"

Vijana wa mjini nao wakasema kwao haiwezekani, wao ni waungwana, wametoka pwani. Mmoja akataka kujua kwa nini tusikodi watu kutoka mkoa mwingine.

Nami nilikuwa nasema vilevile kichwani. Kwetu nilikua naambiwa tumetoka pwani, upande wa Bagamoyo, tumekuja na biashara. Nimelijibu hivyo swali la "kwenu wapi" maisha yangu yote.

Mjini kwetu kila familia imetoka pwani. Ukitusikiliza, utadhani wale watu wote waliofungwa kamba wakaletwa hapa walifika, wakayeyuka, hawakuzaa.

Baba alikuwa pembeni na nyundo yake, ananyoosha pete moja iliyokuwa imepinda. Akasema bila kuinua kichwa, "Mimi nitavaa. Nimeitengeneza mwenyewe, najua haiumizi."

Watu wakacheka, wakapumua. Wengine wawili watatu wakaona kama mzee mzima amekubali basi si neno, nao wakajitolea.

Mimi nikafurahi. Niliona amenisaidia kwenye kazi yangu.

Siku ya maonesho ikafika. Niseme tu kwamba ukiangalia fungu lile lilipokwenda, utaona jukwaa, mahema, viti vya wageni waalikwa, fulana, muziki na chakula cha wageni. Sisi wa msafara tulipewa soda. Sina ubishi nalo, ndivyo shughuli zetu zilivyo, na serikali isingetoa tusingekuwa na chochote. Naliandika tu ili picha iwe kamili.

Tukaanzia upande wa stesheni. Maganga mbele na ngoma, watu wa bodaboda wanapiga honi, wanafunzi wanakimbia pembeni, wazungu wachache na kamera zao. Kinamama wakatoka madukani. Ilipendeza mpaka machozi yakanilenga. Nyuma kabisa ndio wakaja wa mnyororo, wanne, Baba wa kwanza. Ile bati ilikuwa inalia kweli.

Uwanjani mshereheshaji alikuwa anampa kila kundi maiki lijieleze. Wapagazi wakatamba, watu wakacheka mpaka basi. Kisha akaja kwa wa mnyororo. Kwenye script nilikuwa nimemwandikia Baba sentensi tatu nyepesi: mimi ni mtumwa, nimetoka mbali, naikumbuka nchi yangu. Alikuwa ameshazikariri, alinisomea asubuhi akiwa anakunywa chai.

Baba akashika maiki. Halafu akasema, kwa sauti yake ileile ya barazani:

"Mama wa baba yangu aliitwa Ngalula. Alitolewa kwao Manyema, ng'ambo ya ziwa, akiwa mtoto, na kamba shingoni. Alinunuliwa hapa mjini. Wakamwita Faida. Amefagia ua wa watu hapa mpaka akazeeka. Mimi nimemwona kwa macho yangu, nimekula mkononi kwake. Jina lake ni Ngalula."

Akamrudishia mshereheshaji maiki.

Mshereheshaji akapaza sauti, "Makofi kwa mwigizaji wetu jamani, huyu mzee ni hatari."

Na wageni wakapiga makofi. Jukwaa kuu likapiga makofi. Wazungu wakasimama. Afisa alikuwa ananioneshea kidole gumba kutoka mbali.

Watu wa mjini hawakupiga. Wao walijua Baba hajui kuigiza. Nilimwona jirani yetu mmoja ameinamisha kichwa anaangalia viatu vyake. Upande wa kinamama kulikuwa na kanga zimefunika midomo. Nyumba ya kina Nassoro walikuwa wamekaa hema la pili, na nilipogeuka kuwatafuta, Bi Zuhura alikuwa ameshasimama anaondoka.

Mimi mwenyewe nilikuwa nalisikia jina lile kwa mara ya kwanza, pamoja na wauza karanga.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Nilimuuliza kwa ukali, na sijutii ukali wangu, nilikuwa na haki.

"Niliambiwa nisiseme," akajibu. "Baba yangu aliniambia tuseme tumetoka pwani, nami nikawaambia ninyi tumetoka pwani."

"Sasa leo umesema mbele ya mji mzima."

"Katika wajukuu, Bibi alinitajia jina lake mimi peke yangu. Wengine wote waliolijua wamekufa. Nimekaa natengeneza zile pingu, nikawa nawaza nitamvisha nani."

Alipofika akavua kanzu, akaendelea na sanduku la mwanafunzi alilokuwa hajalimaliza.

Video ikazunguka. Ilianza kwenye makundi ya WhatsApp ya mjini, ikaingia kwenye status za watu. Wa mbali walikuwa wanaandika "mzee ameua". Wa karibu hawakuandika kitu.

Nassoro akanitumia ujumbe: nipe muda nizungumze na wazee. Nikampa muda. Bado anao mpaka leo.

Kisha akaja mshenga wao, mzee mpole, tunamheshimu. Akakaa barazani, akaulizia afya, akaulizia mvua, akausifia udi. Nilikuwa ndani nasikia. Baada ya kuzunguka sana akasema:

"Mzee Rajabu, wazee kule wamekaa. Wameangalia suala la kufu. Wameonelea tuahirishe kwanza."

Kwa wasioelewa, kufu ni kulingana. Yaani bwana na bibi harusi wawe wa daraja moja, kwa dini, kwa tabia, na huku kwetu, kwa wale wanaopenda kuchimba, kwa asili. Mtu akikwambia binti wako si kufu ya kijana wake, amekwambia yote, na hajakutukana.

Baba akasema, "Nimekuelewa. Kunywa kahawa yako isipoe."

Sikulia mbele yake. Nililia chooni na bomba nimefungulia. Mtu aliyeniona ninavyomimina chai akaridhika, ameniona upya kwa sababu ya mwanamke aliyefariki mimi sijazaliwa.

Nilimkasirikia Baba. Miezi. Nilikuwa nampakulia chakula bila kusema karibu.

Naye alikuwa na lake. Pale kwenye kijiwe cha kahawa hakufukuzwa. Watu wa mjini hawafukuzi. Walimwitikia salamu, wakamsogezea nafasi. Ila zamani mwenye dele la kahawa alikuwa akianzia kwake, kwa umri. Sasa likawa linazunguka kote na kumfikia wa mwisho, na akiingia mazungumzo yanageuka kuwa ya mpira. Kulikuwa na mambo alikuwa akiitwa, kusimamia nikahi, kuzungumza na mgeni kwa niaba ya mtaa. Wakawa wanasahau kumwita. Ilipofika mara nyingi za kusahauliwa, akaacha kwenda. Alasiri ikiisha anabaki barazani anagonga bati ambalo halina mwenyewe.

Mwaka uliofuata halmashauri ikaniita.

Afisa alikuwa na furaha. Taarifa ilikuwa imekwenda juu, onesho la mnyororo ndilo lililosifiwa kuliko yote, na fungu limeongezwa. Sharti ni moja, ile sehemu irudiwe. Maneno ya mzee wameyapenda, wameyaingiza kwenye script rasmi neno kwa neno, isipokuwa jina. Ngalula waliona wageni litawapa shida kulitamka, wakaweka jina lingine jepesi.

Nikamwambia ile haikuwa script.

Nadhani alielewa palepale, maana alishusha sauti. "Pole sana dada. Sikujua. Lakini ndiyo imeshapitishwa hivyo."

Nikamuuliza Baba kama atavaa tena. Akauliza, "Watalitaja jina?" Nikamwambia hapana. "Basi wamtafute mwigizaji," akasema.

Wakampata bila taabu. Wa mnyororo safari hii walipangiwa posho kubwa kuliko wapagazi, na wale vijana wa mjini waungwana waliotoka pwani wakajipanga foleni. Baba tukakaa naye nyumbani, ila spika za siku hizi mnazijua. Tukasikia kila kitu mpaka barazani. Kijana anasema mama wa baba yangu aliitwa hivi, jina la uongo, nimemwona kwa macho yangu, nimekula mkononi kwake. Makofi.

Baba aliacha kugonga akasikiliza mpaka mwisho. Uso wake ule sitausahau. Hasira zangu zote kwake ziliishia siku ile.

Na chakula cha wageni, wakuu, kilipikwa na nyumba ya kina Nassoro. Walipata tenda. Mimi nilikuwa na kitambulisho cha mwandaaji shingoni, nilipopita jioni kufunga hesabu ya vifaa wakanikaribisha pilau. Nikasema nimefunga.

Shaabani ilipoingia, Baba akasema atasoma hitma ya kuwarehemu wazee. Mnajua kabla ya Ramadhani nyumba nyingi husoma, na mwishoni wanatajwa marehemu wa nyumba ile mmoja mmoja. Kwetu ilisomwa kila mwaka. Ngalula hakuwahi kutajwa hata mara moja, angetajwa watu wangeuliza ni nani.

Walikuja wachache, mkeka mmoja ulitosha. Baba akawataja wazee wake wote kwa kichwa, na wa mwisho akasema: na Ngalula, mama wa baba yangu. Watu wakaitikia amina.

Ilikuwa hivyo tu. Nilidhani imeishia hapo.

Baada ya hapo wakaanza kuja watu. Mmojammoja, saa za mchana ambazo mtaa umelala. Mtu analeta jiko bovu, anakaa, anazungumza habari za mkaa, halafu anainama na kumwambia Baba jina. Anamwomba hitma ijayo alitaje pamoja na ya kwao. Kwake hawezi kulitaja, ana wakwe, ana watoto wa kuoza. Baba anaitikia kwa kichwa na kuendelea kugonga. Haandiki mahali.

Siku moja ikasimama bajaji, akashuka Bi Zuhura.

Nilikuwa barazani nachambua mchele. Mdomo ukaamkia wenyewe, shikamoo. Akaitikia marahaba bila kuniangalia. Alikuwa na birika limefungwa kwenye kanga. Akasema linavuja.

Baba akalitia maji, akaliinua juu. Halikuvuja hata tone. Akayamwaga yale maji taratibu, akamwekea kigoda.

"Rajabu," Bi Zuhura akasema, "wanaotajwa hapa ni wa kwenu tu?"

"Namtaja ninayepewa."

"Basi mtaje na Zafarani."

"Zafarani ni nani, Bi Zuhura?"

"Mama wa baba yangu." Akakunja ncha ya kanga. "Alikuwa suria."

Suria, kwa wasiojua, ni mtumwa aliyewekwa ndani na bwana wake akamzalia watoto.

Nikaweka ungo chini. Nikasema, "Bi Zuhura, mlipokaa mkasema mimi si kufu ya Nassoro, ulikuwa unalijua hili?"

Hapo ndipo aliponiangalia.

"Nililijua, mwanangu. Na mimi ndiye niliyesema."

"Kwa nini?"

"Wote walikuwa wananitazama mimi, mimi ndiye mkubwa. Ningenyamaza, wangejiuliza kwa nini nimenyamaza."

Nikauchukua tena ungo wangu.

Baba akauliza, "Zafarani binti nani?"

"Hakuna anayejua alikuwa binti wa nani."

"Basi nitamwita binti Hawa," Baba akasema. "Asiyejulikana mzazi huitwa hivyo."

Bi Zuhura akalia. Mwanamke yule, ambaye mji mzima unamwogopa, alilia na birika zima mapajani. Kisha akafuta uso, akatuomba kwa Mungu lisitoke pale. Nassoro halijui. Hata baba yake Nassoro halijui. Baba akamwahidi. Akaondoka.

Nassoro anaoa baada ya Ramadhani hii. Binti ni wa nyumba nzuri, nimesikia wameangalia kufu wakaridhika.

Mama wa babu yangu na mama wa babu yake walifagia nyua za mji mmoja. Labda walijuana. Labda walikuwa wakisukana nywele. Hakuna mtu duniani aliyelingana nami kama yule kaka, na yeye hajui.

Namba yake ninayo. Kila jioni naandika ujumbe kisha naufuta. Baba aliniona, akaniambia jina la Zafarani ni amana, nikilituma kwa Nassoro nitakuwa nimemvua yule bibi nguo mbele za watu ili nijisitiri mimi. Najua anasema kweli. Kujua hakunisaidii kulala.

Nilichojifunza, kwa wale mnaopenda uzi uwe na faida: hela ya umma kwa historia ni jambo jema na sijawahi kusema isitolewe. Lakini kabla hamjaomba, kaeni na watu wa mtaa wenu mjue hiyo historia mnayotaka kuiigiza bado ina wenyewe. Sisi tuliandika ukurasa wa watumwa tukidhani tunaandika habari za watu waliokwisha. Serikali inalipia mnyororo. Anayebaki na asili yake baada ya mahema kukunjwa analipa mwenyewe.

Kikundi nimeacha. Kwa sasa namsaidia Baba kupaka rangi masanduku.

Haya wakuu, ushauri. Mngekuwa mimi mngemwambia Nassoro kabla hajafunga ndoa, au mngelibeba? Mwenye maneno makali ayalete pia, nitayasoma yote. Ila msiniambie nisahau, hilo nimeambiwa na wengi, na wote waliofika barazani kwetu na majiko yao mabovu walikuwa wamelijaribu.